Figo Mbili na Miaka 16 ya Kimya

Mwaka 1998, huko Scotland, mtu mmoja alifariki na figo zake mbili zikapandikizwa kwa wagonjwa wawili tofauti. Wote wawili wakaanzishiwa dawa za kudhoofisha kinga, kama ilivyo kwa karibu kila anayepandikizwa kiungo, ili mwili usiikatae figo ngeni.

Baadaye wote wawili wakapatikana na melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi. Haikuwa yao. Ilikuja na figo.

Rekodi zilipofukuliwa ikabainika kwamba aliyetoa figo alikuwa ameondolewa melanoma ya ngozi miaka 16 kabla, akahesabiwa amepona. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 2003, na tangu hapo hakikosekani panapojadiliwa saratani iliyolala. Ila kuna kipande chake ambacho huachwa njiani, na ndicho ambacho kwa wiki kadhaa kimekataa kuniondoka kichwani. Zile seli zilikuwa wapi? Hilo si fumbo, zilikuwa kwenye figo. Fumbo ni kwamba zilikaa kimya miaka 16 ndani ya mtu mmoja, kisha zikafumuka ndani ya watu wawili.

Kilichobadilika ni kinga.

Basi kinga ya yule mtoaji tuseme ilishinda au ilishindwa? Haikuziua seli zile, wala haikuziachia. Ziliishi pamoja. Na ukilifuatilia hilo mpaka mwisho, unaanza kutilia shaka mazoea ya vitabu ya kuweka kuenea kwa saratani kwenye sura moja na usugu wake kwa dawa kwenye sura nyingine. Ninavyoona mimi, hayo ni jambo moja. Seli iliyofaulu kusafiri ni seli iliyokwisha kujifunza kuishi na kinga, na ujuzi huohuo ndio dawa inakuja kukutana nao.

Mizani

Hoja hii ilipata uzito wa maabara mwaka 2001. Watafiti waliwapa panya kemikali inayosababisha saratani, baadhi wakiwa na kinga kamili na wengine wakiwa wamenyimwa tangu kuzaliwa seli T na seli B, seli nyeupe zinazojifunza kumtambua adui mmoja mmoja. Kisha wakachukua vivimbe vya makundi yote mawili na kuvipandikiza kwa panya wengine wenye kinga nzima. Vivimbe vilivyokulia ndani ya panya wenye kinga viliendelea kukua. Kati ya vile vilivyokulia bila kinga, takribani 40% vilikataliwa.

Maana yake ni kwamba uvimbe unaokua mbele ya kinga unachujwa na kinga hiyohiyo. Seli zinazoonekana kirahisi hufa mapema. Zinazobaki ni zile zisizoonekana vizuri, au zinazojua kuizima seli inayozikaribia.

Mwaka 2007 likaja jaribio ambalo kwangu ndilo la msingi. Panya walipewa dozi ndogo ya kemikali ileile, na wale ambao hawakuota uvimbe unaokua waliachwa kwa zaidi ya miezi sita. Kwa macho walikuwa wazima. Kisha wakapewa kingamwili za kuondoa seli T za aina mbili, CD4 (waratibu) na CD8 (wauaji), pamoja na kuzuia interferoni gama, protini ambayo seli za kinga hupelekea ujumbe. Vivimbe vikaanza kuota palepale kemikali ilipochomwa. Seli za saratani zilikuwapo muda wote, zimebanwa. Walipoondoa seli za NK, seli nyeupe zinazoua bila kusubiri kufundishwa, badala ya seli T, hakuna kilichotokea.

Hilo la mwisho hupitwa haraka, na lina uzito. Kuzuia uvimbe uliotulia mahali pamoja ni kazi ya seli T. Kuua seli inayoelea kwenye damu ni kazi ambayo seli za NK zinaiweza zaidi. Kwa hiyo "kinga imara" ni maneno matupu mpaka useme kinga ipi, dhidi ya seli iliyo wapi.

Saa za kwanza ndani ya damu

Seli ya saratani ikishaingia kwenye mshipa, nafasi yake ya kuishi ni finyu ajabu. Mwaka 1970 mtafiti Isaiah Fidler alizitia seli za melanoma alama ya mionzi, akazichoma kwenye mshipa wa panya na kuzihesabu. Baada ya saa 24 zilizobaki hai zilikuwa chini ya 1 katika kila 1,000, na zilizofika kujenga uvimbe mpya zilikuwa chache zaidi.

Zinakufa kwa njia nyingi. Msukumo wa damu huzichana. Kutoshika chochote huziamsha zijiue. Na seli za NK huzitambua kwa namna mbili: zikikosa protini za MHC daraja la kwanza, zile ambazo karibu kila seli yenye kiini hubeba kama kitambulisho, au zikionyesha protini za dhiki zinazoshikwa na kipokezi kiitwacho NKG2D.

Sasa tazama kinachookoa zile chache. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, huanza kuigandia seli ya saratani ndani ya dakika chache. Kwanza zinaifunika, kwa hiyo seli ya NK haiifikii. Pili, zinamwaga TGF-beta, protini ya ishara ambayo hupunguza NKG2D juu ya seli ya NK yenyewe. Tatu, na hili ndilo la kustaajabisha, chembe sahani huhamishia protini zao za MHC juu ya ngozi ya seli ya saratani. Seli iliyokuwa imepoteza kitambulisho inavaa cha kuazima.

Nyutrofili, seli nyeupe za mstari wa mbele dhidi ya bakteria, nazo zimo. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti huko Basel, Uswisi, kilichunguza seli za saratani zinazozunguka kwenye damu ya wagonjwa wa saratani ya matiti na kukuta baadhi zimeshikana na nyutrofili. Zile zilizoshikana hivyo zilikuwa zikisonga mbele katika hatua za kugawanyika kuliko zilizokuwa peke yake, na wagonjwa waliokuwa nazo ugonjwa uliwarudia mapema zaidi.

Nyutrofili ni kinga. Tena ndiyo seli nyeupe iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu ya mtu mzima.

Kinachoamsha

Seli ikishafika kwenye mapafu au mifupa, mara nyingi haijengi chochote. Inalala. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba seli zilizolala hutoa protini iitwayo DKK1, inayozuia ishara ya ukuaji iitwayo WNT, na kwa kufanya hivyo zinapunguza ukuaji wao pamoja na alama zinazozivuta seli za NK. Kulala kwenyewe ni kujificha. Seli inayogawanyika inaonekana, isiyogawanyika haionekani.

Na hapo linakuja swali la nini huziamsha. Jibu linaloeleweka vizuri kuliko yote lilitoka mwaka 2018, nami ninalipenda kwa sababu kila hatua yake imeshikika.

Panya wenye seli za saratani ya matiti zilizolala mapafuni walifukizwa moshi wa tumbaku, wengine wakapewa sumu ya bakteria puani. Mapafu yakavimba. Nyutrofili zikakusanyika na kufanya kile zinachofanya dhidi ya bakteria: zikatema nyavu za DNA yao wenyewe, zilizojaa vimeng'enya. Viwili kati ya vimeng'enya hivyo, elastasi ya nyutrofili na MMP-9, vinashikwa kwenye nyavu karibu na lamini, protini iliyo kwenye utando unaoshikilia seli za mapafu. Elastasi inaikata lamini kwanza, kisha MMP-9 inaikata tena. Mkato wa pili unafichua sehemu iliyokuwa imefichika. Seli ya saratani iliyolala inaishika sehemu hiyo kwa kishikizo chake kiitwacho integrini ya alfa-3 beta-1, na ishara inaingia ndani: gawanyika.

Watafiti walipoziyeyusha nyavu kwa kimeng'enya kinachokata DNA, seli hazikuamka. Walipoiziba sehemu ile ya lamini kwa kingamwili, hazikuamka pia.

Hakuna jeni mpya iliyoharibika katika mlolongo huu wote. Seli ya saratani ni ileile iliyokuwa imelala jana. Kilichobadilika ni mtaa, na aliyeubadilisha ni mfumo wa kinga katika kazi yake halali. Daktari wa upasuaji Stephen Paget aliliona hili kwa mbali mwaka 1889, alipopitia rekodi za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti na kusema kwamba mbegu huota penye udongo unaoipokea. Hakujua kwamba udongo huo unalimwa na seli nyeupe.

Upasuaji wenyewe unaweza kufanya kazi kama moshi ule. Mwaka huohuo wa 2018, jaribio jingine la panya lilionyesha kwamba jeraha lililo mbali kabisa na uvimbe liliachilia vivimbe vilivyokuwa vimebanwa na seli T, kwa kuwa uponyaji wa kidonda unamimina kwenye damu seli za uvimbe-joto, yaani mwitikio wa kinga kwa jeraha au vijidudu. Dawa ya meloxicam, inayopunguza uvimbe-joto, iliyapunguza madhara hayo. Huo ni ushahidi wa panya, na mtu asiuchukue kama sababu ya kukwepa upasuaji: uvimbe unaoondoleka usipoondolewa, hatari yake inajulikana na ni kubwa mara nyingi zaidi. Ila ni sababu nzuri ya kuuliza kinga iko katika hali gani siku mgonjwa anapopasuliwa. Nitalirudia hili.

Dawa iliyogeuka ilipoachwa

Makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu, ndizo zinazoleta mashaka makubwa kuliko zote.

Ndani ya uvimbe wa matiti, makrofaji na seli za saratani hulishana. Seli ya saratani inatoa protini ya CSF-1, inayoivuta makrofaji. Makrofaji inatoa EGF, inayoivuta seli ya saratani. Zinatembea pamoja kuelekea mshipa wa damu, na pale ukutani makrofaji inalegeza mshikamano wa seli za mshipa kwa kutoa VEGF. Upenyo huo mdogo, wenye makrofaji moja, seli moja ya saratani na seli moja ya ukuta wa mshipa vikigusana, unaonekana kwa darubini, na wingi wake kwenye kipande cha biopsi, yaani nyama iliyokatwa ili ipimwe, huendana na hatari ya saratani kusambaa.

Kwa hiyo wazo likawa rahisi: zuia makrofaji zisije. Monositi, ambazo ndizo makrofaji kabla hazijakomaa, huitwa na protini iitwayo CCL2. Ukiizuia CCL2 kwa kingamwili, monositi zinabaki kwenye uboho na kusambaa kunapungua. Kwa panya ilikuwa hivyo.

Kisha, mwaka 2014, watafiti wakafanya jambo ambalo majaribio mengi hayalifanyi. Waliiacha dawa.

Monositi zilizokuwa zimezuiliwa kwenye uboho zikamwagika kwa pamoja. Mapafuni zikachochea mishipa mipya ya damu, na saratani ikasambaa kwa kasi kubwa kuliko kwa panya ambao hawakupewa dawa kabisa. Panya hao walikufa mapema.

Tangu hapo, kila ninaposoma kuhusu dawa mpya ya kuondoa seli fulani ya kinga, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kilichotokea walipoiacha. Mara nyingi hakimo.

Tezi, kisha ini

Tunazoea kuichukulia tezi ya limfu yenye saratani kama kituo cha njiani, alama tu kwamba ugonjwa umeanza kutembea. Mwaka 2022 ilionyeshwa kwa panya kwamba ni zaidi ya hapo. Seli za melanoma zilizofaulu kuishi kwenye tezi ziliwafanya panya hao wazipokee seli za saratani hiyohiyo kwenye mapafu kwa urahisi zaidi. Tezi ni mahali ambapo seli T hufundishwa. Saratani ikikaa humo, inafundisha: seli T za udhibiti zinazotoka pale zinabeba uvumilivu kwa saratani ile na kuzunguka nao mwili mzima.

Ini linafanya kitu kinachofanana, ila kwa ukali zaidi. Madaktari wa saratani walikuwa wameshaona kwamba wagonjwa wenye saratani iliyofika kwenye ini hunufaika kidogo na tiba ya kinga, yaani dawa zinazoiachilia kinga ipigane na saratani, hata kwa vivimbe vyao vilivyo nje ya ini. Mwaka 2021 sababu mojawapo ilipatikana: makrofaji za ini huzivuta seli T za CD8 zilizokwisha kuamshwa dhidi ya uvimbe, na huko seli hizo zinajiua. Zile ambazo zingepigana mapafuni zinaishia kwenye ini. Panya walipopigwa mionzi kwenye vivimbe vya ini, makrofaji hizo zilipungua na dawa ikaanza kufanya kazi tena.

Hapa ndipo sura zile mbili za kitabu zinaponishinda kuzitenganisha. Kusambaa kwenye ini ndiko usugu wenyewe.

Dawa inapogonga mwamba

Hakuna anayepaswa kubeza tulichokwisha kupata. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa CTLA-4 na PD-1, vipokezi viwili vinavyozituliza seli T. Ipilimumab, inayoizuia CTLA-4, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumab na nivolumab, zinazoizuia PD-1, zikafuata mwaka 2014. Kabla ya hapo, melanoma iliyosambaa iliua nusu ya wagonjwa ndani ya mwaka mmoja. Katika jaribio lililowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10, waliokuwa hai ni 43% kati ya waliopewa nivolumab na ipilimumab kwa pamoja, 37% kwa nivolumab pekee na 19% kwa ipilimumab pekee.

Lakini zigeuze namba hizo. Hata kwa mchanganyiko ulio bora, zaidi ya nusu hawakufika. Na melanoma ndiyo saratani inayoitikia vizuri.

Usugu una sehemu kadhaa unapoweza kukatikia. Kwanza, huenda hakuna seli T kabisa. Uvimbe ambao ishara yake ya ndani iitwayo beta-katenini imewashwa hautoi CCL4, protini ya kuziita seli za kinga, kwa hiyo seli za dendriti zinazopaswa kuzileta seli T haziji. Kuiachilia PD-1 hapo ni kazi bure, kwani hakuna seli ya kuachiliwa. Au seli T zipo, ila zimesimama ukingoni. Kipande cha biopsi kinaonyesha pete ya seli T kuzunguka kiota cha saratani, na katikati utando mzito wa nyuzi uliojengwa kwa amri ya TGF-beta. Mtu akihesabu tu "seli T zipo au hazipo", atapata jibu la kuridhisha na la uongo.

Au zimeingia, ila zimechoka. Seli T inayokaa na adui yuleyule kwa miezi hupandisha PD-1, kisha breki nyingine, TIM-3 na LAG-3, na mwishowe protini iitwayo TOX huufunga uchovu huo kwenye mpangilio wa DNA. Zinazoitikia dawa za PD-1 ni zile zenye uchovu wa mwanzo, ambazo bado zina protini ya TCF1 na zinaweza kuzaana. Zilizochoka kabisa hazirudi. Dawa ya kuizuia LAG-3, relatlimab, iliidhinishwa pamoja na nivolumab kwa melanoma mwaka 2022, na imesogeza mambo kidogo. Kidogo tu.

Aina ya nne ndiyo iliyofundisha zaidi. Mwaka 2016 watafiti waliwachunguza wagonjwa wanne wa melanoma ambao pembrolizumab iliwasaidia, kisha ugonjwa ukarudi wakiwa bado wanafuatiliwa. Walikuwa na biopsi ya kabla na ya baada, jambo ambalo halipatikani mara nyingi. Kwa wawili, seli zilizorudi zilikuwa zimevunja jeni ya JAK1 au JAK2. Kwa mmoja, zilikuwa zimevunja jeni ya B2M.

Simama hapo kidogo, maana njia hizi mbili hazifanani.

Bila B2M, protini za MHC daraja la kwanza hazifiki juu ya seli. Seli T haina cha kusoma. Iwe na nguvu kiasi gani, seli ile haionekani kwake. Ila kwa nadharia, seli isiyo na kitambulisho inapaswa kuwa mawindo ya seli za NK.

Bila JAK1 au JAK2, seli T bado inaiona na bado inamwaga interferoni gama. Ila ujumbe hausikiki. Kwa kawaida interferoni gama huifanya seli ya saratani ipandishe MHC, iongeze PD-L1 (protini inayoibonyeza PD-1 ya seli T ili itulie) na kupunguza kasi ya kugawanyika. Yote matatu yanakosekana. Na kwa kuwa PD-L1 haipandi, dawa ya kuzuia muungano wa PD-1 na PD-L1 haina tena cha kuzuia.

Matokeo kwa mgonjwa ni yaleyale, uvimbe umekua. Matibabu yanayofuata hayapaswi kuwa yaleyale. Ndiyo maana biopsi mpya ugonjwa unaporudi si anasa, na kutegemea kipande kilichokatwa miaka miwili nyuma, kutoka mahali pengine pa mwili, ni kupima ugonjwa uliokwisha kuondoka.

Skani na steroidi

Mambo mawili ya vitendo, kwa haraka.

Uvimbe ukiongezeka kwa 20% na angalau milimita 5, kanuni za kawaida husema ugonjwa umeendelea. Kwa tiba ya kinga, wachache huonyesha ongezeko hilo kwa sababu seli T zimeingia na kuujaza uvimbe. Kanuni za mwaka 2017 zinataka skani irudiwe baada ya wiki 4 hadi 8, mradi mgonjwa yuko imara. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Jambo lenyewe ni nadra, chini ya mgonjwa 1 katika 10, na mtu anayedhoofika, anayekonda na kuumwa zaidi huku akiambiwa "huenda ni seli T zinaingia" anacheleweshewa matibabu mengine.

Kuhusu steroidi, dawa za kutuliza kinga kama prednisone: wagonjwa wa saratani ya mapafu wanaoanza tiba ya kinga wakiwa tayari wanatumia prednisone ya miligramu 10 au zaidi kwa siku hufanya vibaya. Lakini walipotenganishwa, waliofanya vibaya walikuwa hasa wale waliopewa steroidi kwa dalili za saratani yenyewe, yaani waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo. Na steroidi zinazotolewa baadaye kutuliza madhara ya tiba, kwa kawaida prednisone ya miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, kisha kupunguzwa pole pole kwa wiki 4 hadi 6, kwa ujumla hazionekani kufuta faida ya dawa. Mgonjwa mwenye kuhara sana au kukosa pumzi asinyimwe steroidi kwa hofu ya kuiharibu tiba. Uvimbe-joto wa utumbo au wa mapafu huua.

Dawa zilezile, mpangilio mwingine

Narudi kwenye lile la upasuaji.

Mazoea yalikuwa kukata kwanza, kisha kutoa dawa ya kufagia mabaki. Inaonekana ni akili ya kawaida. Lakini fikiri kwa upande wa seli T: dawa ya PD-1 inahitaji seli T zinazoujua uvimbe, na seli hizo ziko ndani ya uvimbe wenyewe na kwenye tezi zinazouhudumia. Ukivikata vyote viwili kwanza, umeiondoa shule pamoja na wanafunzi. Kinachobaki ni seli za saratani zilizotawanyika, zilizolala na zisizoonekana.

Jaribio la S1801, lililochapishwa mwaka 2023, liliwapima wagonjwa wa melanoma ya hatua ya tatu na ya nne inayoweza kukatwa. Kundi moja lilipasuliwa, kisha likapangiwa dozi 18 za pembrolizumab, miligramu 200 kila wiki 3. Kundi la pili lilipangiwa dozi 3 za dawa hiyohiyo, upasuaji, kisha dozi 15. Dawa ileile, jumla ileile. Baada ya miaka miwili, ambao ugonjwa haukuwa umewarudia wala kuwazidi walikuwa 49% kwa kundi la kwanza na 72% kwa la pili.

Sidhani kuna namba nyingine katika taaluma hii inayoonyesha wazi hivyo kwamba tulikuwa tunaipoteza faida kwa mpangilio tu.

Mwaka 2024 jaribio la NADINA likasonga mbele zaidi: mizunguko miwili tu ya ipilimumab na nivolumab kabla ya kuondoa tezi za melanoma ya hatua ya tatu. Baada ya mwaka mmoja, 83.7% hawakuwa wamerudiwa wala kuzidiwa, ikilinganishwa na 57.2% kwa waliopasuliwa kwanza na kupewa nivolumab baadaye. Bei yake ipo: madhara makali ya dawa yaliwapata wengi zaidi katika kundi la mchanganyiko, na baadhi ya madhara hayo, hasa ya tezi za homoni, hayaondoki, mgonjwa anameza vidonge maisha yake yote.

Lakini kilichonivutia zaidi ni kilichofuata baada ya upasuaji. Mtaalamu wa patholojia anazikata tezi vipande, anaviweka chini ya darubini na kukadiria ni asilimia ngapi ya uvimbe bado ni seli hai. Zikiwa 10% au chini, mgonjwa hapewi dawa zaidi. Anafuatiliwa tu. Waliofikia kiwango hicho walikuwa 59%, na kati yao 95% walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa baada ya mwaka. Zikizidi 10%, matibabu yanaendelea: nivolumab mizunguko 11, au dabrafenib na trametinib kwa wiki 46 kama uvimbe una badiliko la jeni la BRAF.

Hao wa pili ndio ambao kinga yao imepewa nafasi nzuri kuliko zote, uvimbe ukiwa bado upo na tezi zikiwa bado zipo, na ikashindwa kuumaliza. Kuwapa nivolumab ileile mizunguko 11 zaidi kunanipa shaka. Tezi zao ziko mezani, zina seli hai za kutosha kupimwa B2M, JAK1, JAK2, na kuangaliwa seli T zimesimama wapi. Ningetaka vipimo hivyo vifanywe kwanza, kabla dripu inayofuata haijatundikwa.